Kompyuta sita, wanafunzi 48, na nyimbo zote zinafanana

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Ninafundisha muziki shuleni, huu ni mwaka wa tisa. Kwa muda mrefu darasa langu lilikuwa na ngoma tatu, kinanda kimoja na sauti za watoto wenyewe. Mwaka jana niliziona kompyuta sita za zamani zimelundikwa stoo, nikaziomba, nikapewa. Nilizifuta vumbi, nikaziwekea programu za bure za kutengenezea muziki, na usiku nikawa najifunza mwenyewe hadi macho yanauma, kwa sababu mambo haya sikufundishwa chuoni.

Wiki za kwanza zilinipa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi hii. Watoto waliokuwa wakikwepa kipindi cha muziki walianza kunisubiri mlangoni. Wavulana wawili ambao sikuwahi kuwasikia wakiimba walitengeneza biti yao, wakaomba niwape waende nayo nyumbani. Nilibaki shuleni nao hadi giza linaingia, na sikuchoka.

Sasa mambo yamebadilika. Wanafunzi ni 48, kwa hiyo kila kompyuta ina watoto wanane: mmoja ameshika kipanya, wawili wanaangalia, watano wanacheza. Yule mwenye kipanya anachagua mdundo uliomo ndani ya programu, anaburuta, anaongeza besi iliyo tayari, anaongeza kinanda kilicho tayari, na baada ya dakika kumi anainua mkono: "Mwalimu, tumemaliza." Ukisikiliza makundi sita, ni wimbo mmoja. Tulipojaribu kurekodi sauti zao juu ya biti, sauti zikawa zinachelewa nyuma ya mdundo, na nusu ya kipindi ikaishia hapo nikihangaika na mipangilio.

Kwenye kikao cha walimu mwenzangu mmoja, ambaye ni mpigaji mzuri wa ngoma, alisema ninawafundisha watoto kubofya vitufe na kwamba muziki ni mdomo na mikono. Iliniuma, kwa kuwa nusu ya moyo wangu inakubaliana naye.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni binti mmoja wa miaka 13. Zamani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo darasani, wengine wakiitikia. Siku hizi anakaa dirishani. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Mwalimu, kompyuta inaimba vizuri kuliko mimi."

Mwalimu mkuu ameniambia mwisho wa muhula wazazi watakuja kuona tumefanya nini. Je, nizirudishe stoo nibaki na ngoma na nyimbo? Na kama nikiendelea, kazi za namna hii nitazisahihishaje?

Mwalimu aliyezidiwa

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Usizirudishe stoo. Lakini kipindi kijacho washa moja tu.

Nitaanza na binti yako, maana katika barua nzima yeye ndiye aliyeeleza tatizo kwa usahihi zaidi. Alichokisikia ni kweli. Ile midundo na besi zilizo tayari ndani ya programu zilitengenezwa na wanamuziki wa kazi hiyo, kwenye studio, zikasafishwa na watu ambao ndiyo riziki yao. Mtoto wa miaka 13 akiweka sauti yake mbichi kando ya kitu kama hicho lazima aione yake ni dhaifu. Alishindanishwa na watu wazima, na hakuna aliyemwambia kwamba wale nao ni watu. Kwake yeye ni "kompyuta" inayoimba. Kompyuta haiimbi, Mwalimu, na darasa lako halijapata nafasi ya kuligundua hilo kwa sababu mlianzia mwisho, pale ambapo kila kitu kimeshapikwa.

Kwa hiyo kwa wiki tatu zijazo funga ghala lote la vipande vilivyo tayari. Tumia programu ya kurekodi na kukata tu. Audacity inatosha: imekuwepo tangu mwaka 2000, ni ya bure, haizisumbui sana kompyuta za zamani, na unapoifungua unakutana na ukurasa mtupu. Utupu huo ndio unaoutaka. Mtoto hana cha kuburuta mpaka aingize sauti yake mwenyewe.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia walimu. Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine nzito iliyorekodi sauti juu ya uzi wa chuma. Akaenda nayo kwenye sherehe ya wanawake ya kupunga mapepo, akarekodi sauti zao, kisha akarudi kituoni akaanza kuifanyia kazi ile rekodi: akapunguza sauti fulani, akakuza nyingine, akaongeza mwangwi, hadi kikatoka kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kuanza majaribio yake maarufu ya kutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa, kwenye redio ya Paris, mwaka 1948. El-Dabh hakuwa na mdundo hata mmoja ulio tayari. Alikuwa na mashine moja ya kuazima na masikio yasiyochoka kusikiliza. Wewe una sita.

Kipindi cha kwanza basi kiwe hivi. Wagawe katika makundi sita, watoke nje bila kitu, kila kundi lirudi na sauti moja isiyozidi sekunde tatu: mlango unaolia, ndoo, nyayo kwenye kokoto, mtu anayepuliza chupa. Wanaweza kuja na kitu chenyewe, au wanakuchukua wewe na kinasa sauti cha simu mnakwenda kuirekodi. Mkirudi, ifungueni kwenye kompyuta moja, wote 48 wakitazama. Waulize: sauti inaanzia wapi hasa? Wataonyesha mahali tofauti kwenye mchoro wa mawimbi. Kata pale anaposema mmoja, sikilizeni, kisha kata anaposema mwingine. Hilo pekee linaweza kula dakika ishirini, nawe liache lizile. Wanajifunza kwamba pigo la ngoma lina mwanzo mkali na mkia mrefu, na kwamba ukikata mwanzo wake ngoma inaacha kuwa ngoma.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo sijaona darasa likilipokea kwa ubaridi. Rekodi sauti ya mtoto anayeimba noti moja, halafu ichezeshe kwa kasi maradufu. Muda wake utapungua kwa nusu na noti itapanda oktava nzima, yaani noti ile ile lakini ya juu zaidi. Usiwaambie kwa nini, waache wabishane. Mwishowe mtoto mmoja atafika mwenyewe: mitikisiko imeongezeka mara mbili kwa sekunde. Hapo unawapa namba: noti A inayotumiwa kupimia ala ni hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde, na oktava yake ya juu ni 880. Sikio la binadamu husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na rekodi ya kawaida ya ubora wa CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde. Waulize kwa nini namba hiyo imezidi kidogo maradufu ya 20,000. Mwalimu wa fizikia atakushukuru, na watoto watakuwa wamelifikia somo lake kwa kupitia sauti ya mwenzao.

Sasa hao watoto wanane kwenye kompyuta moja. Wanane si wengi kwa muziki. Ni wengi kwa kipanya. Kosa, kama ninavyoliona, ni kuichukulia kompyuta kuwa ndiyo mahali pa kazi, hivyo asiyeifikia hana kazi. Weka sharti kwamba hakuna sauti inayoingia kwenye mashine kabla kundi halijaipiga kwa mdomo au mikono na kukubaliana nayo. Utaona wengi wao wakiwa mbali na meza: wawili wanatafuta mdundo kwa makofi, watatu wanatengeneza kiitikio, mmoja ameshika maikrofoni, mmoja yuko kwenye kipanya. Na wa nane mpe kazi ninayoithamini kuliko zote: anakaa amefumba macho, anasikiliza, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kusema "tena." Wabadilishane kila baada ya dakika saba. Ukiruhusu mmoja akikalie kipanya muhula mzima, umemfundisha mmoja.

Tuje kwenye sauti zinazochelewa, kwa sababu jambo hili limewavunja moyo walimu wengi wakadhani ni uzembe wao. Si uzembe. Sauti ikiingia kwenye maikrofoni inageuzwa kuwa namba, inawekwa kwenye foleni fupi ikisubiri kompyuta iishughulikie, inageuzwa tena kuwa sauti na kutolewa kwenye spika au hedifoni. Kila hatua inakula muda. Ucheleweshaji mdogo hauna madhara: sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kuimba na mwenzako aliyesimama mita tatu na nusu kutoka kwako, na kwaya zote zinaishi na umbali huo. Lakini hedifoni zisizo na waya mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100. Hapo ni kama mpigaji ngoma amesimama zaidi ya mita 34 kutoka kwa mwimbaji. Hakuna mtoto atakayekaa kwenye mdundo kwa namna hiyo, na mtu mzima pia hawezi.

Tumia hedifoni za waya. Funga programu nyingine zote. Zima ule mpangilio unaomrudishia mwimbaji sauti yake kupitia kompyuta, avae hedifoni sikio moja tu, lile jingine lisikie sauti yake mwenyewe hewani. Baada ya hapo pima kuchelewa kulikobaki: chezesha mapigo ya kuhesabia, mtoto apige makofi sambamba nayo, rekodi, kisha tazama kwenye mchoro pengo kati ya pigo na kofi. Pengo hilo kwa kawaida halibadiliki sana kwenye mashine ile ile usipogusa mipangilio. Audacity ina sehemu kwenye mipangilio yake ya kuandika kiasi hicho ili iisogeze rekodi yenyewe. Fanya mara moja kwa kila kompyuta, bandika karatasi yenye namba hiyo pembeni ya kioo, na tatizo lililokula nusu ya kipindi chako litakuwa limekwisha.

Ipo pia njia ya zamani, na mimi naipenda zaidi kwa darasa lako: msirekodi sauti juu ya biti. Imbeni na pigeni pamoja, kwa mkupuo mmoja, mbele ya maikrofoni moja. Uwiano wa sauti mnaupata kwa miguu. Mahali pa wazi, ukiongeza maradufu umbali kati ya chanzo cha sauti na maikrofoni, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hiyo mwimbaji asimame hatua moja, waitikiaji hatua mbili nyuma yake, ngoma hatua tano au sita. Rekodini, sikilizeni, msogezeni mpigaji ngoma, rekodini tena. Watoto watabishana kuhusu hatua moja mbele au nyuma kwa ukali ambao hujawahi kuuona, na wote watakuwa wanabishana kuhusu muziki. Rekodi ya njia moja (mono) inatosha, huhitaji ya njia mbili (stereo). Dakika moja ya stereo isiyobanwa inachukua karibu megabaiti 10, na njia moja ni nusu yake, jambo muhimu kwa mashine zenye nafasi ndogo.

Huyo mwalimu mwenzako mpigaji ngoma usijaribu kumshinda kwa hoja. Mwendee, mwambie ulivyoniambia mimi, kwamba nusu ya moyo wako iko pamoja naye, halafu umwombe awafundishe watoto mdundo mmoja, kwa mikono, kipindi kizima. Siku inayofuata mkirekodi na kuukata mdundo huo pigo kwa pigo, awepo. Mtu aliyetumia maisha yake kupiga ngoma akiona kwa mara ya kwanza umbo la pigo lake mwenyewe kwenye kioo, akaona jinsi mkono wa kushoto unavyotangulia kidogo au kuchelewa kidogo, hawezi kuondoka mapema. Atakuwa na maswali mengi kuliko wanafunzi. Unamhitaji. Sikio lake litasikia vitu ambavyo wewe na mimi hatutavisikia.

Kuhusu usahihishaji, usitoe alama kwa usafi wa rekodi, kwa maana utakuwa unaisahihisha maikrofoni. Wape mipaka: sekunde 60, sauti zisizozidi nne, na mojawapo lazima iwe ya mtu wa kundi hilo. Kila wakimaliza siku wahifadhi faili jipya lenye namba, la kwanza, la pili, la tatu, wasifute la nyuma. Na kila mwanafunzi, mmoja mmoja, aandike kwenye daftari sentensi mbili: leo tumeondoa nini, na kwa nini. Alama zako ziko hapo. Mtoto anayeandika "tumeondoa ndoo kwa sababu ilikuwa inafunika maneno" amefanya kazi ya mwanamuziki, hata kama wimbo wenyewe bado umepinda. Anayeandika "tumeondoa kwa sababu haikuwa nzuri" unamrudishia daftari na kumuuliza: haikuwa nzuri ilikuwaje?

Vipande vilivyo tayari vitarudi baadaye, sina ugomvi navyo. Vikirudi, sharti liwe kwamba lazima vikatwe na kupangwa upya. Sauti kwenye hedifoni isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu, masikio ya watoto hayana vipuri. Na hizo rekodi zisipandishwe mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Usiku wako pia uhesabiwe. Chagua wawili katika kila kundi wawe mafundi: wawashe mashine, waunganishe nyaya, wataje mafaili majina yanayoeleweka. Wafundishe hao kumi na wawili alasiri moja, kisha uondoke shuleni na jua likiwa bado lipo. Sijui mtoto ambaye hakujivunia kukabidhiwa kazi ya namna hiyo.

Siku ya wazazi usiwachezeshee nyimbo sita kwenye spika wakae kimya wakisikiliza. Watafurahi kwa adabu tu. Tengenezeni wimbo mbele yao. Mtoto mmoja awaombe wazazi wapige kofi moja, arekodi. Mwingine awaombe wavumishe noti moja, arekodi. Mwingine akate, apange, wote wakiona mchoro ukutani kama mna projekta, au wakisogea karibu na meza kama hamna. Dakika tano baadaye wazazi wasikie mdundo uliotokana na viganja vyao. Fanyeni mazoezi ya jambo hilo wiki mbili kabla, mkitumia darasa lingine kama wazazi, kwa sababu mara ya kwanza litakwama.

Na binti yako. Usimwombe aimbe juu ya mdundo huo mbele ya wazazi, angalau si wewe wa kumwomba. Kwanza mtafutie chumba kimoja tulivu, chenye mapazia au nguo zilizotundikwa ili sauti isirudi sana kutoka ukutani. Mfundishe kurekodi mwenyewe, vitufe vitatu tu. Mwambie aimbe wimbo wowote anaoupenda, peke yake, bila biti. Kisha avae hedifoni, ajisikilize, na aimbe sauti ya pili juu yake mwenyewe. Kisha ya tatu.

Hili ndilo jambo moja ambalo miaka yako yote ya ngoma na kinanda haikuweza kumpa. Alianzisha nyimbo na wengine wakaitikia, lakini hajawahi kuitikiwa na sauti yake mwenyewe. Atasikia pale zinapoachana kidogo na pale zinapokutana, na atarudia bila kuambiwa. Mpe kipindi kizima. Mwonyeshe pa kuhifadhi faili, umwambie halisikilizwi na mtu yeyote bila ruhusa yake, urudishe mlango, ukae nje kwenye ngazi na madaftari yako, na usigonge mpaka akuite.